Mtii Mungu Hata Mikono Ikitetemeka

Gideoni alibomoa madhabahu ya Baali usiku. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 6, hakimfichii sababu: aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji, hakuthubutu kuifanya kazi ile mchana. Akawachukua watumishi wake kumi, akaiangusha madhabahu, akaikata Ashera iliyokuwa kando yake, na kuni zake akazitumia kumtolea Bwana ng'ombe wa sadaka. Mji ulipoamka, kazi ilikuwa imekwisha. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi nikitafuta mahali Mungu anapomkaripia kwa kwenda gizani. Sijapaona.

Naanzia hapo kwa sababu Wakristo wengi tumefundishwa, tena na watu wanaotupenda, kwamba anayeogopa hana imani. Basi mtu anajua kabisa la kufanya, lakini anangoja. Anangoja amani moyoni, anangoja ndoto, anangoja mhubiri mgeni aje aseme neno litakalomgusa. Anaombea ujasiri mwaka mzima kwa jambo ambalo lingemchukua dakika kumi. Ukimuuliza, anakwambia anamsubiri Bwana. Mimi nadhani mara nyingi ni Bwana anayemsubiri yeye.

Usiifanye hali ya kutoogopa kuwa sharti la kutii. Bwana Yesu mwenyewe, Gethsemane, alihuzunika sana, akaomba kikombe kimwepuke, akarudia sala ileile mara tatu, kisha akainuka akaenda. Anania wa Dameski alipotumwa kwa Sauli alianza kwa kumsimulia Mungu sifa mbaya za mtu huyo, utadhani Mungu alikuwa hajazisikia. Akajibiwa, akaenda. Ukifuatilia mahali Biblia inapowaambia watu wasiogope, utawakuta watu hao tayari wanaogopa, na kinachofuata mara nyingi ni ahadi kwamba Mungu yupo pamoja nao. Kwa hiyo unapoomba, sema kweli. Sema unaogopa kufukuzwa kazi, unaogopa wakwe, unaogopa kuchekwa na wenzako wa kwaya. Kitaje kitu chenyewe. Zaburi zimejaa watu wanaolia hivyo mbele za Mungu, na hakuna aliyezitoa kwenye kitabu kwa sababu zinaonyesha udhaifu.

Iko hofu nyingine, na hiyo siitetei. Yenyewe haitokani na ugumu wa kazi tuliyopewa. Inatokana na jinsi tunavyomdhania Mungu. Katika mfano wa talanta, Mathayo 25, mtumwa wa tatu anajieleza bila kuzunguka: alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa, akaifukia talanta ardhini. Hakuiba. Hakuitapanya kwa anasa. Alirudisha talanta kamili, na bado akaitwa mtumwa mbaya na mlegevu. Dhana yake juu ya bwana wake ilikuwa imemmaliza kabla hata hajaenda sokoni.

Huku kwetu mtumwa huyo ana kiti chake kanisani. Anatoa fungu la kumi kwa sababu ameambiwa asipotoa atapata ajali. Anapanda mbegu, mshahara mzima wa Januari, kwa kuwa nabii amesema mlango wa baraka unafungwa usiku wa leo. Ananunua maji na mafuta ya upako, anapaka vizingiti vya nyumba, halafu anaanza kuogopa siku yatakapoisha. Mtoto akipata homa, kabla ya kumkimbiza zahanati anakaa kwanza akipiga hesabu: ni mkesha upi niliukosa? Ni nadhiri ipi sijaitimiza? Ni laana ya ukoo gani bado haijavunjwa? Mungu wake amekuwa kama mkopeshaji wa kausha damu, anayebisha hodi kila jioni, na siku ukichelewa anabeba kochi na televisheni.

Mtu wa namna hiyo anaweza kuonekana mtiifu kuliko wote. Hakosi ibada, hakosi kutoa. Lakini mwulize kama amewahi kufurahia kumtumikia Mungu, uone anavyotafuta jibu. Yohana katika waraka wake wa kwanza anaeleza kwamba hofu hiyo inahusiana na adhabu, na kwamba pendo lililokamilika huitupa nje. Ndiyo maana sikushauri upambane na hofu hii kwa kuongeza mifungo. Irudie habari ya Mungu mwenyewe. Chukua Injili moja, Luka kwa mfano, isome polepole kwa wiki kadhaa ukiwa na swali moja tu: Yesu anawatendeaje watu wanaomjia wakitetemeka? Msome mwanamke aliyetokwa na damu, aliyegusa vazi kwa siri akanaswa, akaja akianguka miguuni. Aliitwa binti. Soma, na fungu la kumi utalitoa wiki ijayo ukiwa na moyo mwingine, au utagundua kwamba kuna mtu amekuwa akikutoza.

Na hapo ndipo penye hatari zaidi. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi, walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwalaumu waliokufa, wengi huenda mikutano ya namna hiyo wakiwa na magonjwa na shida za kweli. Nayalaumu mafundisho yanayomfanya mtu aamini kwamba baraka ya Baba yake iko mahali pamoja pa futi chache, na wa mwisho kufika ataikosa. Kisha Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Kufikia mwisho wa kazi hiyo miili iliyotolewa ilipita 400. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa kwamba aliwaelekeza wafuasi wake wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Mwenyewe alikana mashtaka. Vyovyote mahakama itakavyoamua juu ya mtu mmoja, wale waliolala ardhini na watoto wao waliamini wanatii.

Kwa hiyo kabla ya kutii, uliza ni nani anayeagiza. Waberoya, katika Matendo 17, walimsikiliza Paulo kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo yalikuwa hivyo. Luka anawasifu kwa hilo. Mtume wa kweli aliwavumilia watu waliomkagua. Nabii wa mtaani kwako asipovumilia swali moja, umeshapata jibu. Angalia pia agizo linamnufaisha nani. Likiwa linaishia kwenye namba ya simu ya anayeagiza, tulia. Likikutenga na ndugu zako, likimkataza mtoto wako shule au hospitali, ondoka, na ukiondoka uende na mtoto. Jingine ni haraka. Tapeli hakupi usiku wa kulala. Anataka uamue kabla ya kutoka ukumbini. Mungu alimngoja Gideoni aweke ngozi ya kondoo mara mbili.

Sasa tuje kwenye utii wenyewe. Wengi huniuliza wataijuaje sauti ya Mungu kuhusu kazi, mchumba, au safari ya Oman. Ni maswali ya haki. Lakini nimeona kwamba mara nyingi nyuma ya swali hilo kuna agizo la wazi ambalo muulizaji analijua tangu zamani na hataki kulikaribia: deni analolikwepa, ndugu asiyesemeshana naye, shamba la mjane aliloling'ang'ania baada ya mazishi ya kaka. Anza na hilo. Halihitaji ufunuo.

Walokole wa kwanza walilielewa hili vizuri. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipowaka Rwanda na Uganda miaka ya 1930, kuanzia hospitali ya misheni ya Gahini alikokuwa daktari Joe Church, na Kampala kwa watu kama Simeoni Nsibambi, majirani walizisikia nyimbo na shuhuda. Kilichowashangaza zaidi ni mali kurudi. Watu walirudisha fedha, mifugo na vifaa vya kazi walivyoiba kwa waajiri. Waliungama uongo kwa wake zao. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu Dodoma kisha askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli kwenda kwa mzungu aliyemchukia, kumwomba msamaha. Sidhani alifika akiwa hana wasiwasi.

Miaka ya 1950, Kenya ya kati ilipochomeka, wengi katika ndugu hao wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wako waliouawa kwa sababu hiyo. Wengi wao vilevile walikataa bunduki za serikali, wakashukiwa na pande zote mbili. Watu husimulia ushujaa huo kana kwamba ulishuka usiku mmoja. Mimi naamini ulianza miaka mingi nyuma, siku mtu yuleyule aliporudisha jembe la jirani huku uso umemwiva kwa aibu. Alishajua jinsi tumbo linavyokaza na jinsi mtu anavyoendelea kuishi baadaye. Ujasiri hatupewi ndipo tutii. Tunaukuta njiani, kidogo kidogo, tukiwa tayari tumeshatoka nyumbani.

Kwa hiyo chukua mfano wa kawaida kabisa. Wewe ni mtunza stoo. Umeletewa mifuko 140 ya saruji, na mkuu wako anataka utie sahihi hati ya kupokelea mzigo inayosema 200. Kila mtu ofisini anajua utaratibu, na hapo pana bahasha. Nini cha kufanya?

Kwanza, usihubiri. Mkristo anayeogopa mara nyingi hujificha nyuma ya hotuba, na hotuba humfanya mkuu wa kazi ajione amedhalilishwa mbele ya watu. Sema kwa heshima, "Mkuu, nimehesabu mifuko 140, nitaandika 140. Ikija 60 iliyobaki, nitaiandikia siku hiyo." Rudia maneno hayohayo akikubana. Andika hesabu yako kwenye daftari la stoo siku ileile, tarehe na saa, na dereva aliyeleta mzigo atie sahihi. Mweleze mkeo au mumeo jioni hiyo, kabla ya barua ya uhamisho haijafika. Wapo waliosimama imara ofisini wakaanguka nyumbani, kwa sababu mwenzao alishtukizwa. Na kama unajua kazi yako ina mitego ya namna hii, anza leo kuweka akiba, hata kidogo, kwenye kikundi chako cha kuweka na kukopa. Yusufu aliyemtegemea Mungu gerezani ndiye aliyejaza maghala ya Misri. Nehemia aliomba, akaweka walinzi usiku na mchana. Mtu mwenye unga wa miezi miwili ndani hutikisika kidogo kuliko asiye nao, na sioni kwa nini tuone haya kulisema.

Ikiwa ulishatia sahihi nyingi huko nyuma, rudisha kama Zakayo alivyorudisha, lakini kwa akili. Mtafute mchungaji mwenye kifua, au mzee wa kanisa anayejua sheria, mpange namna. Fedha ya umma irudi ilikotoka. Kuiweka kwenye kapu la sadaka si kuirudisha. Maungamo yanayomwangamiza mtu wa tatu asiyehusika yafikiriwe mara mbili. Na usiungame ili upate nafuu wewe, ukamwachia mwenzio mzigo wa kubeba usiku kucha.

Kuna jambo jingine ambalo wahubiri hulisema kwa kelele na waumini hulifanya kimya. Nyumba nyingi za Kikristo zina hirizi. Mtoto mchanga ana uzi mweusi kiunoni, amefungwa na bibi. Wazazi wameokoka, ila hawathubutu kuukata: mtoto akiugua wiki ijayo, ukoo mzima utajua ni kosa la nani. Hofu hii ina mizizi mirefu, na kumcheka mtu anayeipata ni ukatili. Ushauri wangu ni kwamba baba na mama mkubaliane kwanza, maana mmoja akiukata kwa siri, homa ya kwanza itawagawa. Ombeni pamoja, ukateni, uchomeni nyumbani kwenu bila hadhara wala kamera. Mpelekeni mtoto kliniki, akamilishe chanjo zake. Kisha nendeni kwa bibi wenyewe, msimtume mtu. "Shikamoo bibi. Tumekuja kukuambia kabla hujasikia kwa wengine. Tunajua uliufunga kwa upendo. Sisi tumemkabidhi mtoto kwa Yesu, na tunakuomba uendelee kumwombea." Atakasirika, huenda kwa miezi. Pelekeni sukari na vitenge kama kawaida. Katika ile sura ya Gideoni, watu wa mji walipokuja kutaka auawe, aliyemtetea alikuwa Yoashi, baba yake, mwenye madhabahu yenyewe, aliyewaambia kwamba Baali akiwa mungu ajitetee. Gideoni alikuwa amekesha akimwogopa mtu ambaye asubuhi angesimama upande wake. Haitokei kila mara. Lakini hutokea mara nyingi kuliko tunavyotabiri tukiwa kitandani saa nane za usiku.

Kuhusu saa nane za usiku: mtu asiyelala kwa majuma, moyo unamwenda mbio bila sababu, hali chakula, huyo aende pia kwa daktari. Wasiwasi unaweza kuwa ugonjwa kama ulivyo ugonjwa wa kisukari, na kumwambia mgonjwa aongeze imani ni kumwongezea mzigo. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Lazima niseme na hili, ingawa halipendezi kwenye mabango ya mikutano. Utii hauna dhamana ya mwisho mwema wa duniani. Mtunza stoo anaweza kufukuzwa kweli. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayonisaidia mimi. Aliyeweka imani yake kwenye matokeo, matokeo yakigeuka hana pa kushika.

Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu wa askari wake. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wakauawa. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari, na wachache sana waliamini. Festo Kivengere, aliyekuwa mmoja wa maaskofu hao, alirudi kwake Kigezi, na ndugu walipomsihi, yeye na mkewe Mera walipanda milima usiku wakavuka kuingia Rwanda kwa miguu. Mwaka huohuo akatoa kitabu juu ya kumpenda Idi Amin, kwa sababu alikuwa amejikuta moyoni ana chuki kwake na akaona hilo nalo ni agizo ambalo hajalitii.

Mmoja alibaki akafa, mwingine alikimbia akaishi mpaka 1988. Nimewasikia watu wakijadili nani alikuwa na imani zaidi, na mjadala huo unanichosha. Yesu mwenyewe, Mathayo 10, aliwaambia wanafunzi wakiudhiwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Mama anayepigwa na mumewe hana haja ya kusimuliwa habari za Luwum ili abaki ndani. Aondoke, apate mahali salama, na kusamehe kutashughulikiwa akiwa salama. Usichukue njia aliyopewa mtu mwingine ukaifanya sheria ya kwako, wala usimpangie jirani msalaba ambao wewe hubebi.

Na ukishindwa? Utashindwa siku fulani. Utatia sahihi ile hati, au utanyamaza kwenye kikao cha ukoo wakati shamba la mjane linagawanywa. Sote tunaikumbuka habari ya Petro uani kwa kuhani mkuu, na jinsi Yesu alivyokutana naye baadaye kando ya bahari ya Tiberia, akamuuliza mara tatu kama anampenda, akampa kondoo wa kuchunga. Hakumwekesha ahadi kwamba hataogopa tena. Tunachosahau ni kwamba aliogopa tena. Wagalatia 2 inaeleza kwamba huko Antiokia, miaka mingi baada ya Pentekoste, Petro alikuwa akila na watu wa mataifa, lakini walipofika watu kutoka kwa Yakobo akajitenga na meza kwa kuwaogopa waliotahiriwa, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Aliyemrudisha ni Paulo, mbele ya watu wote.

Tafuta mtu wa namna hiyo mapema, kabla ya siku ya kumhitaji. Awe anayekupenda vya kutosha kukuambia, na asiyekutegemea kiasi cha kuogopa kukuudhi. Asiwe unayemlipa mshahara, wala anayekudai. Mwambie wiki hii jambo moja unalolijua na unaloliogopa, mpange siku ya kulifanya, naye akupigie simu jioni yake kukuuliza kama umelifanya.